Vichupa vya Jumatano

Ukungu ulikuwa haujainuka tangu Jumatatu, na sasa ilikuwa Jumapili, saa tano na nusu asubuhi. Mpelelezi Jussara Tolentino alikuwa amekaa katika ofisi ya meneja wa Hoteli ya Pedra Calada, huko juu kwenye milima ya jimbo la Minas, akimkazia macho kijana mwenye mkwaruzo mrefu mkononi. Kijana huyo aliitwa Norival, mwanafunzi wa uzamivu, na kwa siku nne alikuwa akiukana mkwaruzo ule kama mtu anayekana mtoto wa nje.

"Mara ya mwisho," Jussara alisema. "Ulichubukia wapi?"

"Nimeshasema, afande. Kwenye senyenge."

"Senyenge ipi? Nimezunguka hoteli nzima mpaka viatu vimeoza. Hakuna senyenge."

Norival alitazama mlango, kisha akasogeza kiti karibu. "Nikikuambia, profesa wangu asijue."

"Profesa wako ana kazi zake. Sema."

"Kwenye tangi la maji. Ngazi yake ina kutu. Huko juu ndiko pekee simu inashika mtandao. Nilikuwa naongea na maabara ya ng'ambo, wanataka kunichukua. Profesa akijua namkimbia kabla sijammalizia kazi yake, nimekwisha."

"Jumatano alfajiri?"

"Kwao ilikuwa mchana." Akatoa simu na kumwonyesha. Mazungumzo yalianza saa kumi na moja na dakika ishirini na tano, yakaisha saa moja kasorobo.

Jussara alisoma mara mbili. Mpishi wa hoteli alikuwa amekwisha kusema kwamba alfajiri ile aliona mtu juu ya tangi, akadhani ni fundi wa mabomba. Siku nne za kumfuata Norival zikaenda na maji hivyo hivyo, kwa dakika tano.

"Toka," alisema. "Na hongera kwa kazi."

Norival hakungoja aambiwe mara ya pili.

Mambo yenyewe yalikuwa machache. Kila mwaka idara yao ya jenetiki iliwapandisha wanafunzi wake hapa kwa wiki nzima ya kambi ya utafiti, wakaoneshana kazi zao, wakachambuana bila huruma, wakala maharage na nyama ya nguruwe mpaka wakachoka. Jumatano saa kumi na moja na nusu alfajiri, Tarcísio Bragança, mwanafunzi wa mwaka wa tatu, alichukua kahawa jikoni akashuka nayo kwenye kinu cha zamani cha kusaga kwa maji, kama alivyofanya kila siku. Saa moja alikutwa ndani ya bwawa la kinu, kisogo kimepasuka kwenye jiwe. Daktari alisema hakuteleza. Mtu anayeteleza hushika kitu, na kucha zake zilikuwa safi.

Begi la Tarcísio lilipatikana kwenye banda la Seu Belmiro, mtunza bustani, mzee wa miaka sitini na minane. Mzee alisema aliliokota njiani, akaliweka amrudishie mwenyewe. Bahati mbaya yake, siku moja kabla alikuwa amemfokea Tarcísio mbele ya watu wote kwa kukanyaga kabichi zake, akasema atamvunja miguu. Polisi wakamteremsha mjini siku ile ile, na huko alikuwa mpaka leo.

Simu ya mezani ililia. Alikuwa Mkuu Amâncio, bosi wake.

"Umepata nini?"

"Norival siye."

"Nilikuambia. Nani sasa?"

"Bado."

"Bado, bado! Jussara, saa nane gari linampeleka mzee gereza kuu. Na saa nane hiyo hiyo mabasi ya wanafunzi wako yanateremka. Yakishateremka, kila mmoja atakuwa na baba mwenye wakili. Hutawaona tena."

"Mkuu, mzee ana pumu. Ukimwingiza kule hatafika Krismasi."

"Basi niletee jina jingine." Akakata.

Jussara alirudisha mkono wa simu kwa kishindo. Alimfahamu mzee kwa siku ile moja tu, lakini ilimtosha. Alipokuwa akifungwa pingu, aliomba mtu mmoja asisahau kumwagilia miche.

Mlango ulisukumwa bila kubishwa hodi. Aliyeingia alikuwa Dona Zulmira, mpishi wa maabara. Mpishi huyu hakupikia watu. Kwa miaka thelathini na moja kazi yake chuoni ilikuwa kuwapikia nzi wa matunda uji wa mahindi, hamira na sukari guru, kwa sababu nzi hao ndio wanaotumiwa kusomea jenetiki, na nzi asipokula hakuna shahada. Hata kambini alikuja na ndoo zake mbili, maana nzi hawajui kama ni likizo.

"Nakunywa kahawa, natoka," alisema. Mashine ya kahawa ya meneja ndiyo peke yake hotelini iliyotoa kahawa ya maana. Akajimiminia, akainua macho kwenye rafu iliyokuwa juu yake, palipokuwa na joto zuri la mvuke. "Ee! Na hawa wazazi nani kawaleta humu?"

"Wazazi gani?"

"Hawa." Alielekeza kidevu kwenye mfuko wa nailoni wenye muhuri wa polisi. Ndani yake mlikuwa na vichupa vitatu vya kioo vilivyozibwa kwa pamba, na katika kila kimoja nzi kama ishirini.

"Usiguse, Dona Zulmira. Ni ushahidi."

"Sigusi, natazama. Au kutazama nako kunataka kibali?"

"Ni vya Leandra, yule mwanafunzi. Nzi bikira aliowachukua Jumatano asubuhi. Lebo hizo hapo."

Dona Zulmira alivaa miwani, akainama karibu na mfuko, akacheka mpaka kahawa ikamwagikia kwenye kisahani. "Bikira! Afande, hawa ni bikira kama mimi nilivyo bikira, na mimi nina wajukuu saba."

Jussara aliweka kalamu chini. "Rudia."

"Tazama kwenye uji, chini hapo. Vile vyeupe vinavyotambaa. Mabuu hayo. Watoto!"

Vilikuwapo. Vidogo kama punje za ufuta, vikitafuna uji taratibu, katika vichupa vyote vitatu. Jussara alikuwa amekaa chini ya rafu ile siku nne bila kuinua kichwa.

"Keti," alisema. "Nieleze polepole, kama unamweleza mtu asiyejua kitu. Kwa sababu sijui kitu."

Dona Zulmira aliketi, akafurahi. Watu wa vyeo hawakumwomba awaeleze kitu mara nyingi. "Nzi jike akitoka kwenye ganda lake, hamtaki dume kwa muda wa saa nane hivi. Baada ya hapo hakuna wa kumzuia. Sasa hawa watoto wanataka majike ambao hawajaguswa, ili wawaozeshe wanavyotaka wao. Kwa hiyo usiku unamwaga nzi wazima wote, chupa inabaki na maganda tu. Saa nane baadaye unakuta wapya waliotoka. Unawalaza kwenye barafu, unawatenga majike kwa brashi, unawafungia peke yao. Ukichelewa umekuta harusi imeshapita."

"Na akichelewa, atajulikanaje?"

"Siku ile ile hutajua, sura ni zile zile. Ngoja siku tatu, nne. Bikira naye hutaga, lakini mayai yake hayaanguliwi. Ukiona mabuu, jua huyo alishaolewa."

Jussara alihesabu vidole mezani. Leandra Quaresma, mwanafunzi wa mwaka wa sita, kipenzi cha idara nzima, alikuja kwake mwenyewe Jumatano adhuhuri. Alisema tangu saa kumi na moja na nusu mpaka saa moja alikuwa chumba cha mashuka, walichokigeuza maabara ya kambi, akitenga nzi wake. Akatoa vichupa vitatu kama uthibitisho. Kila lebo ilikuwa na jina lake, siku na saa: Jumatano, saa kumi na mbili asubuhi. Jussara akavitia mfukoni na muhuri juu. Alhamisi Leandra alirudi kuviomba, akisema wadudu wataharibika. Ijumaa akaviomba tena. Jussara alikataa mara zote mbili, na kusema kweli haikuwa akili, ilikuwa ukaidi tu wa kanuni.

"Dona Zulmira, hivi vimekuwa na muhuri wangu tangu Jumatano. Hakuna aliyevifungua."

"Basi harusi ilikuwa Jumatano kabla hujavifunga."

"Na Tarcísio? Alikuwa na lolote na Leandra?"

"Lolote la nini? Alikuwa mtoto mpole. Jumanne jioni alinifuata kwenye ndoo zangu akaniuliza swali la ajabu. Dona Zulmira, Agosti mwaka jana ulipika uji? Nikamwambia sikupika hata kijiko. Si walitubomolea mabomba ya jiko mwezi mzima! Kila mtu alibakiza vichupa vitatu vinne vya mbegu kwenye baridi, nzi wasiishe ukoo. Akanishukuru akaenda zake, kichwa chini."

"Mama! Mbona hukuniambia haya?"

"Uliniuliza Jumatano asubuhi nilikuwa wapi. Nikakujibu nimelala. Habari za uji hukuniuliza."

Jussara aliinuka. "Twende tukaone mabango."

Ukumbi ulikuwa mtupu na baridi. Wanafunzi walikuwa vyumbani wakifunga mizigo, na kazi zao za mwaka mzima zilikuwa bado zimetundikwa ukutani kwenye mabango makubwa ya karatasi, yakipepesuka kila upepo ulipopita chini ya mlango. Kambi hii ilikuwa na desturi moja iliyowanyima usingizi wote, wakubwa kwa wadogo. Siku ya kwanza ilipigwa kura, na kila mmoja akapewa bango la mwenzake pamoja na daftari zake zote za hesabu. Jumapili angesimama mbele ya bango lile alieleze mbele ya maprofesa kama lake mwenyewe, na kujibu kila swali. Mwaka huu, kwa sababu ya msiba, hakuna aliyesimama.

Kadi za kura zilikuwa bado kwenye pini. Jussara aliyapita mabango moja moja akitafuta jina la Leandra, akalipata karibu na dirisha. Bango lilikuwa zuri kuliko yote. Kwenye kona yake ya juu palikuwa na kadi ndogo yenye jina la mtu aliyepaswa kulieleza: Tarcísio.

"Nisomee mstari wa Agosti," alisema Dona Zulmira. "Miwani hii ni ya karibu."

"Agosti. Nzi waliohesabiwa, elfu tisa mia mbili na kumi na wanne."

Dona Zulmira alilisogelea bango. Kicheko chote kilikuwa kimemtoka. Alitazama tarakimu zile kana kwamba zimemtukana.

"Elfu tisa," alisema. "Walikula nini?"

Walipitia chumba cha mashuka. Vichupa vingine vya Leandra vilikuwa vimepangwa kwenye kasha, tayari kwa safari. Dona Zulmira alivitoa vya Jumanne jioni, akavitazama kwenye mwanga. Safi. Akatazama vya Jumatano jioni. Safi pia, hakuna buu hata la dawa.

Saa saba na dakika kumi Leandra aliitwa ofisini. Alikuja amevaa koti la safari, nywele amezibana nyuma, uso umetulia. Alipomwona Dona Zulmira kwenye kona alitabasamu kidogo. Jussara alikuwa amemwomba mama yule abaki. Kanuni hazisemi lolote kuhusu wapishi wa nzi.

"Kaa, Leandra."

"Basi linapakia, afande."

"Litasubiri." Jussara aliuweka mfuko mezani.

Leandra alifanya kile mikono ya kazi yake ilichozoea kufanya. Aliuinua mfuko kuelekea dirishani, akaugeuza, akatazama chini ya uji. Mkono ukasimama hapo hapo hewani.

"Unaona nini?" Jussara aliuliza.

"Niliwaomba mnirudishie. Niliwaambia wataharibika."

"Hawajaharibika. Wameongezeka."

Leandra aliurudisha mfuko mezani polepole.

"Usiku wa Jumanne ulimwaga nzi wazima saa ngapi?"

"Saa nne. Nusu ya darasa waliniona."

"Najua, wameshaniambia. Na hawa ukawachukua saa ngapi?"

"Lebo inasema."

"Lebo najua kuisoma. Nakuuliza wewe."

"Saa kumi na mbili."

"Tangu saa nne ya usiku, hizo ni saa nane tu zimepita. Basi hawa walitakiwa wawe bikira."

"Mtu hukosea. Dume mmoja akiponyoka, akaingia na majike..."

"Katika vyote vitatu?"

"Nilikuwa na usingizi."

"Usijitukane, mwanangu," Dona Zulmira alisema kutoka kwenye kona. Sauti yake ilikuwa ya upole, na upole ule ulitisha zaidi ya makelele. "Nilikufundisha kushika brashi mimi. Miaka sita hujaniletea kichupa kimoja kichafu. Wenzio nawaimbia jina lako mpaka wananichukia."

Leandra alikuwa na njia mbili tu, na zote alizijua. Aseme kwamba yeye, wa mkono usiokosea, aliharibu vichupa vitatu kama mgeni wa juma la kwanza. Au aseme kwamba lebo ni uongo.

"Nimeona vya Jumanne jioni," Jussara aliendelea. "Nimeona vya Jumatano jioni. Visafi vyote. Ni asubuhi moja tu katika wiki nzima mkono wako ulikosea, na ni asubuhi aliyokufa mtu aliyepewa bango lako. Sisi tulifika saa tatu. Watu wote wakawa uani, wanalia. Hapo ndipo ulipoingia chumba cha mashuka ukachukua nzi waliokwisha kukaa chupani na madume kwa muda wa saa kumi na mbili hivi. Ukaandika lebo. Ukaniletea mimi, kwa sababu polisi husoma lebo tu."

"Nataka wakili."

"Haki yako. Nitampigia mwenyewe."

Alinyoosha mkono kwenye simu, na simu ikalia kabla hajaigusa.

"Yamekwisha," Mkuu Amâncio alisema. Alisikika mchovu lakini ameridhika. "Mzee ametoa maelezo. Alimsukuma. Ametia dole gumba. Funga mafaili, teremka."

"Anasema alimsukuma, au nyie mmesema naye akatia dole?"

"Jussara, usinianze."

"Mmemsimamisha tangu lini?"

Jussara alibonyeza kitufe cha sauti ya nje, akauweka mkono wa simu mezani kati yake na Leandra, kando ya vile vichupa.

"Huyu ni mkuu wangu," alimwambia Leandra. "Seu Belmiro amekiri kumuua Tarcísio. Ametia dole gumba. Saa nane anapelekwa gereza kuu. Si lazima useme kitu, wakili wako atakuja na atakwambia unyamaze, na huenda vichupa hivi mahakamani wakavicheka. Nakwambia tu ujue kinachotokea."

Nje, dereva wa basi alipiga honi. Mtu alicheka uani, akanyamazishwa. Leandra alimtazama Dona Zulmira, na Dona Zulmira alikuwa amegeukia dirisha akipangusa miwani kwa ncha ya aproni, akipangusa tena na tena.

"Yule mzee hakumsukuma mtu," Leandra alisema.

"Nani huyo?" simu iliuliza. "Jussara, nani huyo anaongea?"

Leandra alijiweka sawa kwenye kiti, kama wanavyofanya wote wanaposimama mbele ya bango.

"Jina langu ni Leandra Quaresma. Mwaka wa sita, jenetiki. Nzi niliwachukua saa nne asubuhi. Saa kumi na mbili nilikuwa kwenye kinu na Tarcísio." Alipumua. "Alikuwa amenipa mpaka leo niseme mwenyewe kwamba hesabu za Agosti nilizitunga. Alisema hatamwambia mtu. Angesimama mbele ya bango langu anyamaze, ili mimi ndiye niseme. Nikamwomba aache, nikamwambia nimebakiza miezi miwili tu. Akasema ananionea huruma, lakini hawezi. Akainama kuokota kikombe chake. Nikamsukuma kwa mikono yote miwili. Begi lake lilibaki njiani, sikuliona."

Jussara aliandika saa kwenye daftari lake, saa saba na dakika ishirini na sita.

Kisha Mkuu Amâncio alisikika tena kwenye simu, kwa mbali, hakuwa akizungumza nao. Alikuwa akimwambia mtu aliyekuwa naye chumbani humo.

"Mpeni huyo mzee kiti."